Rafiki yangu anataka tununue nyumba pamoja, nikitaja mkataba ananuna

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu maana huyu rafiki ninayetaka kumwongelea naye anasoma safu yako, tena yeye ndo alinionyesha. Akijijua humu basi, labda ni afadhali maana usoni nimeshindwa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka 7, baba yake tulishaachana zamani na kwenye hesabu zangu hayumo. Rafiki yangu tumwite Z. Tumetoka mbali, tangu tunavaa sare za shule, na sasa hivi tumepanga nyumba moja mimi, yeye na mwanangu. Tunaishi vizuri kwa kweli, mtoto anamwita mama mdogo, nikichelewa kazini anamchukua yeye, akiumwa yeye nakesha mimi, watu wengi wanajua sisi ni ndugu wa tumbo moja na hata hatuhangaiki kuwasahihisha.

Sasa mwenye nyumba kapandisha kodi tena, Z akasema hii hela tunayompa mtu kila mwezi si bora tulipie cha kwetu. Mzazi wake alipofariki alimwachia hela kidogo, ameitunza hajaigusa. Tatizo kazi yake ni ya kujitegemea, mwezi huu kapata mwezi ujao hola, alipoenda benki peke yake wakamwambia kipato chake hakieleweki. Mimi mshahara wangu unaingia kila mwezi bila kukosa ila akiba sina, mtoto, ada, si unajua. Kwa hiyo tukaenda wawili na benki wakaonyesha nia.

Nyumba tumeipata na ni nzuri Anti, sitakudanganya, nishaanza kuota niko ndani. Ukichukua bei yake ukaigawa mafungu 100, kianzio ni 20, Z anatoa 15 mimi naungaunga natoa 5. Zile 80 ni mkopo kwa majina yetu wote wawili, marejesho tutachangia nusu kwa nusu. Na kwenye hati Z anataka iwe nusu kwa nusu pia, anasema sisi tusihesabiane.

Kaka yangu ndo kanivurugia usingizi. Nilimwambia kwa furaha akaniuliza maswali mfululizo, Z akiolewa je, akikosa kazi je, mkigombana nani anatoka, nikabaki mdomo wazi. Akanitumia sampuli ya mkataba aliyoipata kwa wakili, kurasa nyingi tu, na mimi sikujua nianzie wapi nikamfowadia Z vilevile ilivyo. Alisoma, akakaa kimya mpaka jioni, halafu akaniambia "kwa hiyo umeshaniona tapeli?" Nikacheka nikasema aah ni kaka tu na mambo yake. Tangu hapo hatujaigusa hiyo mada, tunaongelea mapazia.

Halafu kuna jamaa yake. Wako pamoja muda sasa, si mtu mbaya, ananiheshimu. Lakini siku tumeenda kuiangalia nyumba alikuja na futi ya kupimia, akawa anapima ukuta wa sebuleni eti tivii itakaa hapa, kochi pale. Z anacheka. Mimi sikucheka. Sijui hata kwa nini imeniuma hivyo.

Muuzaji anataka jibu mwisho wa mwezi na dalali anasema kuna wengine wanaisubiri. Anti, mimi nataka mwanangu awe na pa kwake, na sitarajii kuolewa tena kwa hiyo hii naona kama ndo bahati yangu. Nikikataa namvunja moyo mtu aliyenibeba miaka yote. Nikikubali bila maandishi naogopa. Nikilazimisha maandishi naonekana simwamini. Nifanyeje?

Mama J

JIBU

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuandika kirefu, wengi wanaandika mistari mitatu wanataka niagulie.

Ngoja nione kama nimekuelewa. Wewe una mshahara huna akiba, Z ana akiba hana mshahara wa uhakika, kila mmoja peke yake nyumba haipati na mkiungana mnaipata. Kaka yako kauliza maswali ya maana kwa namna ya kutisha, wewe ukayatupa kwa Z kama yalivyo, Z kaumia, na sasa mnaongelea mapazia huku nyote wawili mnajua kuna jambo limekaa kati yenu. Na pembeni yuko bwana na futi yake.

Nianze na hiyo karatasi, maana umesema Z akitajiwa mkataba ananuna, mimi kwenye barua yako sijaona alipoukataa mkataba. Nimeona mtu ametumiwa faili la kurasa nyingi, limetoka kwa kaka mtu, halina salamu wala maelezo, lina maneno ya kiwakili ya mmoja akishindwa kulipa, mmoja akifariki, mmoja akitaka kuuza. Hata mimi ningekuuliza umeshaniona tapeli. Na lile lilikuwa swali, mwanangu, alitaka umjibu, wewe ukamsingizia kaka. Sasa yeye anajua kaka yako hamwamini, na hajui wewe unawaza nini. Kwa hiyo hayo mazungumzo unayosema yameshindikana mimi naona hayajaanza.

Kitu kingine umekiandika na sidhani kama umekiona. Barua nzima unaongea kama wewe ndo unayejiweka hatarini. Hebu tupige hesabu kwa mafungu yako hayohayo. Tuseme baada ya miaka kadhaa mnauza nyumba kwa 120, deni limebaki 75, gharama za kuuza zimekula 5, mfukoni inabaki 40. Hati ikisema nusu kwa nusu, wewe unaondoka na 20 na Z anaondoka na 20. Lakini kama mngekubaliana kwamba kila mtu kwanza anarudishiwa kianzio chake ndipo mgawane kilichozidi, Z angepata 25 na wewe 15. Yaani kwa ile kauli yake ya tusihesabiane Z amekuachia mafungu 5 ambayo angeweza kuyadai, na hela yenyewe ni ya marehemu mzazi wake. Sisemi uikatae nusu yako, kuna njia ya tatu ya kuhesabu kila alichotoa mtu jumla, kianzio na nusu ya mkopo, hapo inakuwa yeye 55 wewe 45, wengine wanaona hiyo ndo ya haki kuliko zote, wengine wanaona ni ubahili. Nachotaka uone ni kwamba kwenye hela ya mwanzo anayekuamini kupita kiasi ni yeye. Pengine ndo maana ile karatasi ilimchoma.

Upande wa mkopo sasa mambo yanageuka, na hapo hofu yako ina msingi. Mkopo wa majina mawili watu wanadhani kila mtu anadaiwa nusu. Kawaida sivyo. Benki inawadai wote wawili deni zima, na mmoja asipotoa nusu yake hawajali mlipatana nini jikoni, wanamwendea mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye mshahara unaoonekana ni wewe. Mwezi ambao Z kazi hazijaja utabeba marejesho yote, au mtachelewa wote na jina lako litachafuka pamoja na lake. Kuna na hili ambalo watu wanakuja kuligundua baadaye, ukiwa kwenye mkopo huu, siku ukitaka kukopa cha kwako peke yako benki nyingi zitaliona deni lote hili kama mzigo wako. Na kulitoa jina lako humo si suala la kuombana samahani na Z, ni mpaka benki ikubali, na ili ikubali inataka atakayebaki awe na kipato cha kulibeba peke yake, jambo ambalo Z walishamwambia hana. Muulize ofisa mkopo hili swali mkiwa wote wawili mmekaa mbele yake, mmoja wetu akitaka kutoka inakuwaje, mjibiwe mkiwa pamoja. Litawafungulia mjadala kuliko faili la kaka.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri wewe na Z kila mmoja amebeba hatari ya aina yake, yeye hela iliyotangulia, wewe deni linalokuja. Hakuna anayemtapeli mwenzie hapo. Ila hakuna aliyemwambia mwenzie pia.

Nije kwa mtoto, maana hapa ndo nilishtuka. Umeandika unataka mwanao awe na pa kwake. Umeuliza hayo majina mawili yanaingia kwenye hati kwa mtindo gani? Mana "majina yote mawili" inaweza kumaanisha vitu viwili tofauti kabisa. Sehemu nyingi kuna umiliki ambao nyumba nzima ni yenu wote kwa pamoja bila mafungu, na mmoja akifariki sehemu yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, haipiti kwenye mirathi, hata wosia hauigusi. Ukiwa wewe ndo umetangulia, nyumba ni ya Z na J hana kitu humo kisheria, atategemea wema wa mama mdogo wake, na wa atakayekuwa mume wa mama mdogo wake. Aina ya pili ni kila mtu na fungu lake linalojulikana, linaweza kuwa nusu, linaweza kuwa 60 kwa 40, na fungu hilo linakwenda kwa warithi wa mwenye nalo. Hapo J analindwa, ila na Z akifariki wewe utaamka una ndugu zake ndani ya hati, watu usiowajua wanataka chao, na mkopo bado haujaisha. Majina ya aina hizi na sheria zake vinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo wakili wa hapo mlipo ndo atawaambia, lakini swali lenyewe muulize kabla kalamu haijagusa karatasi. Wanaoiweka ya pili mara nyingi wanaongeza bima ya maisha, mmoja akifa bima inalipa deni au inampa aliyebaki hela ya kununua lile fungu. Inagharimu, ndiyo, iingizeni kwenye hesabu zenu za mwezi tangu sasa.

Ukimwelezea Z hilo la J sidhani kama atasikia neno tapeli. Huyo mtoto anamchukua shule.

Haya, bwana mwenye futi. Umesema hujui kwa nini imekuuma. Mimi nahisi unajua. Mlipopanga mlikuwa watu watatu, na siku ile sebuleni ukaona nyumba ya watu wanne ambayo hukuulizwa. Hiyo si wivu, na kama ni wivu kidogo pia si dhambi. Ila usimhukumu jamaa kwa kupima ukuta, inawezekana ndo namna yake ya kufurahi na mpenzi wake. Swali si kama ni mtu mzuri au mbaya, swali ni akihamia analipa nini. Analala humo, anatumia maji na umeme, bili mnagawana tatu au mbili? Akichangia marejesho kwa jina la Z, au akaweka hela yake kwenye kujenga chumba cha nyongeza, kesho anaweza kusema na mimi nina changu humu, na kuna sehemu sheria itamsikiliza. Wakioana inaweza kuwa zaidi, kuna nchi mwenzi anapata haki kwenye nyumba ya ndoa hata kama jina lake halipo. Na Z naye ana haki ya kukuuliza vilevile, wewe ukipata mtu je? Unasema hutarajii. Sawa. Z anaweza asitake kujenga nyumba juu ya imani hiyo.

Ndo maana haya mambo ya maandishi mimi siyaoni kama kipimo cha imani kati yako na Z. Z unamjua. Lakini nyumba inawaingizia watu ambao hamkuwachagua, benki, wadai, mume, ndugu, warithi, na hao ndo watakaokuja kusoma hiyo karatasi siku nyie hampo au hamuelewani. Mmoja akikopa mahali pengine akashindwa, anayemdai anaweza kulifuata fungu lake la nyumba. Na bila makubaliano, mmoja akitaka kutoka mwingine hataki, sehemu nyingi anayetaka anaweza kwenda mahakamani kuomba nyumba iuzwe, na mtagawana kilichobaki baada ya mawakili.

Ukiniuliza yawemo nini sikuandikii mkataba, wakili ndo kazi yake, tena bora kila mtu awe na wakwake angalau wa kumsomea. Ila mjadala mgumu ni wa kutoka. Anayetaka kuondoka anamwanzia mwenzie kumuuzia kabla ya mtu wa nje, kwa bei ya mthamini asiye wa upande wowote, na mwenzie anapewa muda gani wa kutafuta hela? Miezi 3 ni michache kwa mtu anayetegemea mkopo. Na kama nyumba imeshuka bei hasara inagawanywaje, hapo watu wengi hawaandiki kitu kwa sababu siku ya kununua kila mtu ana furaha. Mjue pia mikopo mingi ya nyumba miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho inakwenda kwenye riba, deni lenyewe linapungua polepole sana, kwa hiyo mkiuza mapema baada ya kulipa gharama za kununua na za kuuza mnaweza kutoka mikono mitupu. Hayo mengine ya nani anapaka rangi na nani analipa bomba likipasuka, akaunti moja ya nyumba ambayo kila mtu anaingiza kiasi chake kila mwezi na kidogo cha dharura inamaliza ugomvi mwingi, na hasa kwenu, Z akipata kazi nzuri aweke marejesho ya miezi ya mbele ili miezi yake ya ukame isikuangukie.

Umejiwekea njia mbili tu, kununua naye au kumvunja moyo. Ziko nyingine. Z anaweza kununua kidogo zaidi, cha uwezo wake, nawe ukawa mpangaji wake kwa maandishi, unakuwa huru na deni ila ule usemi wa pa kwake J unauweka kando kwanza, na kuwa mpangaji wa rafiki kuna siku utaogopa kumwambia bomba linavuja. Unaweza kununua wewe kwa jina lako na Z akakukopesha sehemu ya kianzio, hapo nyumba ni yako, lakini mkopo mzima uko mgongoni kwako na yeye kageuka mdai wako. Mnaweza kusubiri mwaka ili Z akusanye rekodi ya kipato chake na wewe uongeze lile fungu la 5, hatari yake ni bei kupanda na kodi kuendelea kuwanyonya. Au mnaijaribu kabla hamjainunua, miezi michache mnaweka kwenye akaunti ya pamoja tofauti kati ya kodi mnayolipa sasa na marejesho ya baadaye, muone mwezi wa Z mbaya unapita vipi na nyie mnaongeaje mwezi huo. Hiyo akiba inabaki yenu hata mkighairi. Mimi hiyo ya mwisho naipenda lakini mimi siishi na nyie, na najua inaweza kuwapotezea nyumba mnayoitaka.

Kuhusu mwisho wa mwezi, dalali kukwambia kuna wengine ni kazi yake, inaweza kuwa kweli inaweza isiwe. Ombeni muda wa wakili kukagua hati na mthamini kuangalia nyumba, muuzaji wa kweli anajua hayo yanachukua muda. Akikataa hata hilo ningetaka kujua anakimbia nini.

Sasa kumwanza Z. Usimtumie kitu tena kwenye simu. Mtafute Z usiku J akiwa amelala, umwambie lile faili nilikutumia vibaya na kaka nilimsingizia, maswali ni yangu pia. Halafu anza na hatari yake kabla ya yako, mwambie Z hela ya mzazi wako nikiiangalia naona wewe ndo unapoteza tukiandika nusu kwa nusu, unataka tuifanyeje? Umsikilize mpaka amalize. Anaweza kusema nishasema nusu na sibadili, basi ni hela yake na ni uamuzi wake, iandikwe hivyohivyo kwamba alijua na aliamua. Anaweza kukuambia hofu zake ambazo hujawahi kuzisikia, labda anaogopa siku utakayomwambia apishe kwa sababu J amekua anahitaji chumba. Anaweza pia akanuna. Akinuna mpe siku, asiposogea kabisa hata baada ya kuelewa ni kwa ajili ya mtoto, basi utakuwa umejua kitu ambacho leo hukijui, na utakipima mwenyewe.

Kaka yako anakupenda, mwambie asante. Kikao cha kwanza asije. Jamaa wa Z naye abaki na futi yake nyumbani. Cha pili, mkishakuwa na hesabu zenu kwenye karatasi kwa mwandiko wenu wenyewe, waje wote wawili kama Z ataridhia, wasome, waulize.